Taya la Eenokki

Jumapili, 27 Januari 1918

Hilja alikuja ibadani, akakaa benchi lake la nyuma, kisha akaja kula kwetu. Viazi na samaki wa chumvi, mkate kidogo. Amekonda, lakini macho yanawaka. Mimi ndiye niliyemlea tangu marehemu mdogo wangu alipomwacha, mpaka alipokwenda kufanya kazi kiwanda cha tumbaku ng'ambo ya daraja.

"Mama mkubwa, wiki hii msitoke toke," aliniambia nikiosha vyombo.

"Kuna nini?"

"Zamu yetu imefika."

"Zamu ya kufanya nini?"

"Ya kushika."

Mume wangu Eenokki, mtunza Kanisa Kuu, aliinua kichwa. "Kushika nini, mwanangu?"

"Kila kitu, Baba mkubwa. Hata hilo kanisa lako."

Eenokki akacheka. "Basi njoo na beleshi. Ngazi zimejaa theluji mpaka magotini."

Jioni tuliona taa nyekundu juu ya mnara wa Nyumba ya Wafanyakazi.

Jumatatu, 28 Januari

Risasi tangu asubuhi. Wekundu, wafanyakazi wenye silaha, wameuchukua mji. Eenokki amefagia ngazi za Kanisa Kuu kama siku zote, mgongo ameugeuzia uwanja. Nimemwambia iko siku atauawa akifagia. Akasema theluji haijui serikali.

Jumamosi, 2 Februari

Leo nimeona mtu akifa. Alikuwa bwana mmoja mwenye koti la manyoya, anavuka uwanja. Vijana watatu wenye kitambaa chekundu mkononi walimwita, hakusimama. Pengine hakusikia, upepo ulikuwa mkali. Wakampiga mgongoni. Aliangukia ngazi ya chini kabisa ya kanisa, akaanza kupanda kwa viwiko. Nilikuwa mlangoni juu. Alinitazama mimi. Nilisema moyoni, rudi, usije huku, kana kwamba huko chini kulikuwa na pa kurudi. Mmoja wao akapanda taratibu, akammalizia kichwani, akamvua buti. Akaniona.

"Unatazama nini, mama?"

"Sitazami kitu."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Mwili ulichukuliwa mchana. Damu ikishaganda kwenye theluji haifagiliki. Inabidi uikate kwa beleshi, vipande vipande, uibebe kwa ndoo.

Jumanne, 5 Februari

Baridi kali. Maji yameganda ndani ya birika.

Jumamosi, 9 Februari

Bibi Ekbom alikuja kwa mlango wa nyuma, amejifunga shali la mtumishi wake. Huyu ni mke wa daktari. Jumapili hukaa mbele, na miaka yote hii hajawahi kunipa mkono. Leo aliishika mikono yangu yote miwili, akalia. Mwanawe Holger, mwanafunzi wa chuo, anatafutwa na Wekundu, kwa kuwa yuko upande wa Weupe, watu wa serikali iliyopinduliwa. Walikutwa na bunduki nyumbani kwa rafiki yake, rafiki akauawa papo hapo, yeye akarukia dirishani.

Kabla sijafungua kinywa, Eenokki akasema, "Aletwe."

Nilipobaki naye nilimwakia. "Kwa nini sisi? Hana ndugu? Hana majumba? Wakija hapa ni wewe utakayepigwa, si Bibi Ekbom!"

"Kijana ana miaka ishirini, Fiina."

"Na Hilja ana mingapi? Hao Ekbom wangemficha Hilja?"

Akaenda kuchukua kuni. Ndivyo alivyo mume wangu. Ukimrushia maneno anayaacha yaanguke chini, kisha anaenda kutia kuni jikoni. Wakati mwingine nadhani ni upole. Mara nyingi nadhani ni woga.

Kijana yuko juu sasa, katika ule uwazi ulio kati ya dari na kuba, kwenye mbao. Njia yake ni ngazi ya mzunguko ndani ya ukuta, na chini, katika chumba cha mchungaji, kuna mlango wa chuma. Hilja alikuwa akicheza humo utotoni, tukimfukuza.

Jumatatu, 11 Februari

Holger analalamika mkate una magome ya mti. Nimemwambia na sisi tunao magome, tena yetu makubwa zaidi. Kila siku nabeba ndoo yake ya haja kuishusha ngazi zote zile. Mtoto wa daktari.

Jumapili, 17 Februari

Hilja alikuja ibadani amevaa suruali, na bunduki begani. Wameanzisha kikosi cha wanawake. Watu wote waligeuka. Eenokki alimfuata mlangoni.

"Iache hapa nje, mwanangu. Sitaigusa."

"Siwezi, Baba mkubwa. Ni amri."

"Basi isimamishe, usiilaze mapajani kama mtoto."

Akaisimamisha. Sitaandika uongo: nilijivuna kidogo. Niliwaza, mdogo wangu marehemu Iida alipiga pasi mashati ya watu mpaka mapafu yakamwisha, na leo bintiye wanampisha njia.

Lakini katikati ya wimbo wa pili vumbi la chokaa lilianguka kutoka juu, likatua kwenye benchi mbele yake. Hilja aliinua macho, akatazama dari kwa muda mrefu. Alipokuja kula alinipa sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Alikunywa kahawa ya nafaka ya rai iliyochomwa, akasema, "Juu kule bado kuna njiwa, Mama mkubwa?"

"Wapo," nilisema. "Wamezidi."

"Njiwa wazito," akasema, akatabasamu na Nestori wake. Nilisahau kuandika: alikuja na mchumba, Nestori Tiainen, kijana mrefu wa bandarini, anacheka kwa sauti na kula kwa haraka. Nilimpenda.

Ijumaa, 22 Februari

Nitaandika yote, la sivyo nitapasuka.

Nilikuwa nyumbani kwetu nyuma ya kanisa, nakoroga uji. Nilisikia kishindo, nikadhani Eenokki ameangusha kuni. Kikaja kingine. Kisha sauti ya mtu, lakini sauti isiyo na maneno, kama ya ng'ombe. Nilikimbia bila shali.

Mlango wa chumba cha mchungaji ulikuwa wazi. Nestori alikuwa anatoka akijifuta mkono kwenye suruali. Nyuma yake mwingine nisiyemjua. Na Hilja. Hilja alikuwa amesimama karibu na kizingiti, mgongo ukutani, anatazama viatu vyake.

"Mmefanya nini?"

"Muulize mumeo," alisema Nestori. "Tumemwomba ufunguo kwa adabu, akautupa motoni mbele ya macho yetu. Mtu asiye na kitu cha kuficha anatupa ufunguo?"

"Hilja!"

Hakuinua uso.

Mzee mmoja wao alitokea uani, mkubwa wao, anapiga kelele: "Treni inaondoka, mnapoteza muda na mtunza kanisa? Haya, stesheni!" Wakaondoka wote kwa mbio. Nestori alisema akinipita, "Tukirudi kutoka vitani tutauvunja huo mlango."

Eenokki alikuwa sakafuni chini ya mlango wa chuma. Uso haukuwa uso. Taya la chini lilikuwa limehama upande, meno mawili yalikuwa kwenye kola ya shati, na jicho la kushoto lilikuwa limefungwa kwa uvimbe na damu. Walimpiga kwa kitako cha bunduki. Mikono yake haikuwa na jeraha hata moja. Nilishangaa: mtu akipigwa hujikinga. Alijaribu kusema, likatoka povu jekundu. Nilisikiliza sana ndipo nikaelewa. Alikuwa akisema, "Uji utaungua."

Nililifunga taya kwa kitambaa cha meza ya madhabahu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Mungu ana vingine. Nilipomaliza niliuchokoa ufunguo majivuni, nikapanda kwa hasira mpaka juu. Holger alikuwa amejikunja kwenye mbao, ameziba masikio.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Kila pigo. Na sauti ya msichana." Alishusha mikono. "Ningefanya nini, Mama Pihlava? Ningeshuka wangetuua wote."

Kweli wangewaua wote. Lakini nilimchukia tangu hapo, na nadhani aliona.

Jumapili, 24 Februari

Ibadani hatukwenda. Eenokki anakula uji mwembamba kwa kijiko cha chai. Daktari Ekbom alikuja, akalisukuma taya lirudi, akalifunga kwa nyuzi, mimi nikimshikilia kichwa. Alipiga yowe moja tu. Daktari hakuuliza habari za mwanawe mbele yangu. Aliondoka bila kunitazama.

Ijumaa, 1 Machi

Holger ameondoka, amevuka barafu kuelekea visiwani, amevaa koti la Eenokki. Hakuingia kumuaga.

Alhamisi, 7 Machi

Theluji.

Jumanne, 12 Machi

Theluji. Nafagia mimi.

Jumatatu, 18 Machi

Jicho limefunguka, lakini anasema anaona kama kupitia maziwa. Maneno yanatoka yamepondeka. Herufi nyingine hazitoki kabisa. Jina langu halitoki.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Mchungaji alihubiri kwa watu wachache. Niliomba Nestori afe. Niliomba kwa bidii, mikono nimeikunja. Hilja sikumwombea lolote.

Jumapili, 7 Aprili

Ombi langu limejibiwa, na sikufurahi kama nilivyotarajia.

Hilja aligonga baada ya ibada. Midomo imepasuka, koti limeungua upande mmoja.

"Mama mkubwa, Nestori amekufa. Mji wote kule kaskazini umechukuliwa na Weupe. Bombomu lilimkata katikati. Nilimvuta, nikavuta nusu yake."

Nyuma yangu Eenokki alisukuma kiti asimame. Niliubana mlango kwa mguu.

"Alimpiga mtu mzima aliyekulisha," nilisema. "Na wewe ukasimama pale ukitazama viatu."

"Mama mkubwa..."

"Mimi si mama yako, mkubwa wala mdogo."

Nilimtemea mate. Yalimpata shavuni. Hakuyafuta. Nilifunga mlango, na nilipogeuka Eenokki alikuwa amesimama katikati ya chumba amenitazama kwa jicho lake moja zima. Alikwenda dirishani akabaki hapo mpaka uji ukapoa.

Ijumaa, 12 Aprili

Wajerumani wameingia kutoka magharibi, pamoja na Weupe. Mizinga tangu alfajiri. Kila mlio vioo vya kanisa vinalia kwenye fremu zake. Farasi amelala uwanjani, tumbo wazi, bado anarusha mguu. Hakuna anayethubutu kwenda kummaliza.

Jumamosi, 13 Aprili

Mchana Wekundu walikuwa wanakimbilia daraja. Walipita chini ya ngazi zetu, wengine bila bunduki, wengine wanabebana. Risasi ziligonga nguzo, nikaona vumbi jeupe likiruka kila zilipogonga. Mwanamke mmoja aliyevaa suruali alianguka karibu na sanamu ya uwanjani, wenzake wakamruka. Nilisema si Hilja. Huyu ni mfupi, si Hilja.

Hilja alikuja kwa mlango wa nyuma. Risasi imempita pajani, buti limejaa damu, linatoa sauti anapokanyaga. Alishika kizingiti tu.

Nami nikasema, "Nenda kwa wenzako."

Nimeandika nilivyosema, kwa sababu nilisema.

Eenokki alinisukuma. Katika ndoa yetu yote hajawahi kuniwekea mkono, na leo alinisukuma mpaka nikagonga jiko. Alimbeba Hilja kama gunia, akampeleka kanisani, akafungua mlango wa chuma. Mzee mwenye taya la nyuzi, anapanda ngazi zile na msichana begani. Nilisikia anavyohema. Kisha, sijui nifanyeje na moyo wangu, nilichukua maji na shuka la zamani nikamfuata.

Nilimfunga paja. Nilikaza sana, zaidi ya haja. Hakulia.

Jumapili, 14 Aprili

Uwanja mzima chini ya kanisa umejaa mateka, wanaume kwa wanawake, wamesimama safu safu mikono kichwani. Atakayeishusha anapigwa. Watu wa mjini wamejaa pembeni na maua kwa ajili ya Wajerumani. Mabibi waliwapiga mateka kwa miavuli. Mmoja aliutoboa uso wa mtu kwa ncha ya mwavuli, akarudi mstarini kwa wenzake akicheka.

Holger alikuja kabla ya adhuhuri, kitambaa cheupe mkononi, bunduki, na wenzake wawili. Amevaa vizuri. Amenenepa huko alikokuwa. Nilifurahi kumwona. Kweli nilifurahi. Nilidhani tumepona.

"Mama Pihlava. Kuna damu kwenye ngazi za nyuma."

"Ni ya farasi, bwana Holger. Kila mahali kuna damu ya farasi."

"Nifungulie mlango wa chuma."

"Hakuna mtu kule."

"Mama," alisema kwa upole, "mimi ndiye niliyekaa kule."

Nilimshika mkono wa koti. Nilimwambia asimame hapo hapo afikirie. Nilimwambia mtu ameachwa bila taya kwa ajili yake. Uso wake ukabadilika, na ndipo nilipojua nimekosea. Sikupaswa kumkumbusha, mbele ya wenzake hasa. Mmoja wao aliuliza, "Anasema nini huyu?" Holger akasema, "Amechanganyikiwa," akalipiga kufuli risasi.

Walimshusha Hilja kwa nywele. Kichwa kiligonga kila ngazi. Nilichukua chuma cha kuchokolea moto, nikampiga Holger begani, nikalenga tena kichwa. Ningemuua. Ningemuua ndani ya kanisa, chini ya madhabahu, na ningelala usingizi. Alikinga, akanigeuzia kitako, akanigonga mkono wa kulia kwenye ukingo wa benchi. Nilisikia vidole vikivunjika kama vijiti.

"Huyu ndiye aliyekuwepo wakimpiga mumeo!" alinipigia kelele, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilimsikia! Ni sauti yake! Unamlilia huyu?"

Wakamburuta nje mpaka kwenye ngazi kuu, Holger akampigisha magoti, uso kuelekea uwanjani. Watu wa maua walikuwa wanatazama juu. Akaweka risasi.

Eenokki alitoka kati ya nguzo. Hakukimbia. Alikwenda akapiga magoti kando ya Hilja, bega kwa bega, akaipa bunduki mgongo.

"Ondoka, mzee."

Akakaa.

"Mzee, ondoka! Sina ugomvi na wewe!"

Eenokki alisema kitu kwa lile taya lake. Holger hakuelewa, akauliza, "Anasema nini?" Hilja ndiye aliyejibu, bila kugeuka: "Anasema upige basi, magoti yanamuuma."

Sijui ingekuwaje. Sajini mmoja Mjerumani aliona kutoka chini, akapanda ngazi mbili mbili akifoka kwa lugha yake, akausukuma mtutu ukatazama ardhi. Alitaka mateka wahesabiwe, hakutaka vurugu mbele ya wakubwa wake. Akamshika Hilja kwapani, akamtupa safuni na wengine.

Holger alibaki amesimama. Eenokki hakuweza kuinuka peke yake. Alimnyoshea Holger mkono amwinue, kama mtu yeyote anavyomnyoshea aliye karibu. Holger aliutazama ule mkono, akageuka akaenda zake.

Nami miaka yote nilimwita mume wangu mwoga. Kimoyomoyo, na mara mbili tatu kwa mdomo.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto. Hilja yuko kwenye ngome ya kisiwani, na maelfu.

Jumapili, 5 Mei

Nilikwenda na mashua, nikasimama kwenye waya pamoja na wanawake wengine. Hawakuturuhusu. Mlinzi mmoja alikula mkate wa mwenzangu mbele yake, anatafuna taratibu. Upepo ulipogeuka tulisikia harufu ya mule ndani. Hakuna aliyesema ni harufu gani.

Alhamisi, 16 Mei

Gwaride la Weupe. Kengele, bendera, ibada kubwa. Eenokki amewasha mishumaa, akafungua milango, akaketi nyuma katika benchi la Hilja.

Jumapili, 26 Mei

Nimemwona. Kichwa kimenyolewa, miguu imevimba. Kila asubuhi wanatoa maiti kwa mkokoteni. Alikula nilichompa akiwa amesimama, amegeukia ukuta wasimwone wenzake.

Jumatano, 12 Juni

Tumeitwa mahakamani kama mashahidi. Wanataka kumshitaki kwa kumtesa mtunza kanisa. Wengine kwa shitaka dogo kuliko hilo wamepigwa risasi. Nimemwuliza Eenokki atasema nini. Amesema atanoa kisu cha viazi. Nikamwambia hilo si jibu. Akakinoa.

Jumanne, 18 Juni

Chumba kidogo, joto, nzi. Majaji watano. Hilja alikaa kati ya askari wawili, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Holger alikaa upande wa pili na baba yake.

Mwenyekiti wa mahakama alikuwa mtu wa heshima, alizungumza polepole kwa ajili ya Eenokki.

"Mzee Pihlava, tarehe ishirini na mbili Februari ulivunjwa taya. Tueleze nani alikuvunja."

Eenokki alisimama, kofia mkononi.

"Nilianguka," alisema.

"Ulianguka?"

"Ngazini."

"Mzee, daktari Ekbom ameandika kwamba ni mapigo. Zaidi ya moja."

"Ngazi zipo zaidi ya moja, mheshimiwa."

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Unamwogopa mtu? Wekundu wameisha. Sema tu. Huyu msichana alikuwepo?"

"Huyu ni mtoto wetu. Huja kula Jumapili."

Mwenyekiti akaninyoshea kidole mimi. Nilisema sikuona mtu akimpiga mtu, nilikuwa nakoroga uji. Hilo lilikuwa kweli. Niliona aibu jinsi lilivyonitoka kwa urahisi.

Akamgeukia Holger. "Bwana Ekbom, maelezo haya ni yako. Unasema mshitakiwa alisikika akiwepo. Alisikika na nani?"

Holger aliinuka. Nilimtazama usoni. Nilitaka anione.

"Nani alimsikia, bwana Ekbom? Wewe mwenyewe?"

Baba yake alikuwa anatazama kofia yake. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi mno. Lakini swali la pili lingekuwa: ulikuwa wapi? Na la tatu: ukafanya nini?

"Nilisikia kwa watu," alisema Holger.

"Watu gani?"

"Uvumi tu, mheshimiwa."

Akaketi. Masikio yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyezabwa kibao. Niliutafuta ule moyo wa kumchukia, nikaupata, lakini ulikuwa mdogo kuliko nilivyouacha.

Hilja amefungwa miaka minne kwa kubeba silaha. Mwanamke aliyefuata baada yake alihukumiwa kufa kabla hatujafika mlangoni.

Jumapili, 23 Juni

Leo nilikwenda kisiwani peke yangu. Joto, jua haliishi siku hizi. Nilibeba mkate, maziwa chupa moja na samaki wawili. Walituruhusu kusogea mpaka kwenye waya.

"Kwa nini alisema ameanguka?" Hilja aliniuliza kabla hata ya salamu.

"Muulize akitembea kuja huku. Magoti yake mabovu."

"Mama mkubwa, nataka kujua."

"Na mimi nataka kujua. Siku ile, Nestori akimpiga, wewe ulisimama wapi? Pale mlangoni nilipokukuta?"

Alikuwa ameshika waya kwa vidole vyote.

"Pale nilikwenda baadaye."

"Kabla yake ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake." Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu Februari. "Nilimshika mikono. Nestori aliniambia nimshike, nikamshika. Yote miwili. Nilihesabu yeye ni adui, na nilikuwa najua kuna mtu juu. Alipoacha kujivuta niliendelea kumshika."

Nilikumbuka mikono isiyo na jeraha. Nilitaka kumpiga. Waya ulikuwa katikati, na mkono wangu wa kulia haukunji. Mlinzi akatangaza mashua. Sikumbuki kumpa kitu, lakini nilipoketi mashuani kikapu kilikuwa kitupu.

Nimemkuta Eenokki mezani anamenya viazi.

"Hilja ndiye aliyekushika," nilisema, shali bado kichwani.

"Mm."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijuaje, naye alikuwa nyuma yako?"

"Mikono niliyoifundisha kufunga kamba za viatu, nisiijue?" Ilimchukua muda kuyatoa maneno hayo yote. Akapumzika, akachukua kiazi kingine. "Ilikuwa ya baridi, Fiina. Baridi kama chuma. Nikawaza, mtoto huyu anatembea bila glavu Februari. Nilitaka kumwambia glavu zako wewe ziko kwenye kulabu, azichukue. Ndipo Nestori akapiga."

Nilivua shali. Nilikaa mbele yake, nikakishika kiazi kwa mkono wa kushoto, yeye akakimenya kikiwa mkononi mwangu.